Barafu ya Kilimanjaro bado ipo: je, tuendelee kuitazama An Inconvenient Truth?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingeandika uhakiki huu. Mwaka 2018, nikiwa kwenye mafunzo ya kufundisha kwa vitendo katika shule moja ya sekondari upande wa Marangu, niliazima projekta, nikaziba madirisha kwa kanga na ramani za ukutani, nikawaonyesha kidato cha pili filamu ya An Inconvenient Truth. Jina hilo kwa Kiswahili ningeliita "ukweli unaokera". Ilipofika picha ya Kilimanjaro nikaisimamisha, nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Ikifika 2020, barafu ya mlima huo hapo nje itakuwa imekwisha." Darasa likanyamaza. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwa Krismasi, kijana mmoja akanisimamisha njiani. "Shikamoo mwalimu." Alikuwa wa darasa lile. Siku hizi ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima. Akatoa simu akanionyesha picha aliyopiga wiki hiyo: ukuta wa barafu umesimama wima, mrefu kuliko nyumba. "Mwalimu, si ulisema itaisha 2020?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka. Ila akaongeza neno lililoniuma: "Sasa na yale mengine uliyotufundisha, tuyaamini?"

Basi nimeirudia filamu nzima, mara mbili, kalamu mkononi. Nakuletea nilichokiona ili uamue kama dakika zako tisini na kitu (na bando lako) ziende huko.

Kama hujawahi kuiona: ni filamu ya mwaka 2006, imeongozwa na Davis Guggenheim, na karibu yote ni Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, akitoa mhadhara mbele ya watu kwa kutumia slaidi. Ndiyo, slaidi. Na bado ilishinda Oscar ya filamu bora ya makala, na mwaka 2007 Gore akapata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC. Sijui mhadhara mwingine wa slaidi uliofika mbali hivyo. Mimi slaidi zangu hazijawahi hata kumfikisha msimamizi wangu mwisho bila kuangalia saa.

Sasa twende Kilimanjaro. Gore anaonyesha mlima ulivyokuwa miaka thelathini na kitu nyuma, ukiwa na kofia nene nyeupe, halafu picha za karibuni, kofia imebaki vipande. Kisha anasema kwamba ndani ya muongo mmoja hakutakuwa na theluji tena. Filamu ni ya 2006, piga hesabu mwenyewe.

Hilo hakulitunga. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walichimba barafu ya kileleni, wakatoa vipande virefu mfano wa mabomba ili wasome historia ya hali ya hewa iliyohifadhiwa ndani. Ripoti yao ya 2002 ilionyesha kwamba eneo lililofunikwa na barafu lilikuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2000 asilimia 80 hivi ilikuwa imeshapotea. Wakasema kwamba ikiwa hali ya hewa itaendelea vilevile, barafu iliyobaki huenda ikaisha kati ya 2015 na 2020. Ona maneno mawili hapo: "ikiwa" na "huenda". Kwenye filamu yote mawili yameanguka njiani. Na mimi nilipofika darasani nikaongeza uhakika wangu juu yake.

Vipimo vilivyofuata vinasema nini? Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki kilomita za mraba 1.76. Yaani kupungua hakujasimama hata kidogo, asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imeshakwenda. Makadirio ya watafiti waliopima wakati huo yalisogeza mwisho wake hadi karibu 2060, na ripoti ya UNESCO ya 2022 ikataja 2050. Kwa hiyo kijana wangu yuko sahihi kwamba tarehe ilikosewa, na Gore yuko sahihi kwamba barafu inaondoka. Ubaya ni kwamba watu hukumbuka tarehe.

Lipo tatizo lingine zito zaidi kuliko tarehe, nalo ni sababu. Ukitazama filamu utatoka na picha rahisi: dunia imepata joto, barafu imeyeyuka kama kipande kwenye glasi ya soda. Lakini kule juu wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa yenyewe haitoshi kuiyeyusha. Watafiti kama Georg Kaser na wenzake wameeleza kwamba tangu miaka ya 1880 hivi eneo hili la Afrika Mashariki limekuwa kavu zaidi, hivyo theluji mpya inayoongezwa ni kidogo, mawingu nayo ni machache, na jua kali linazipiga zile kuta za barafu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke bila hata kupitia hali ya maji. Tafadhali kumbuka pia kwamba Hans Meyer, aliyefika kileleni 1889, alirudi 1898 akakuta barafu imepungua, na wakati huo viwanda na magari ya dunia vilikuwa havijafanya makubwa waliyokuja kuyafanya baadaye. Ukavu wenyewe unahusiana na mwenendo wa Bahari ya Hindi, na ni kiasi gani mkono wa binadamu umo ndani yake bado ni mjadala.

Hoja hii ilifika hadi mahakamani. Mwaka 2007 huko Uingereza mzazi mmoja alipinga filamu kuonyeshwa shuleni. Jaji Burton alisema kwamba kwa ujumla filamu imejengwa juu ya sayansi, ila akataja mambo tisa ambapo Gore alivuka mpaka wa makubaliano ya wanasayansi, Kilimanjaro ikiwa mojawapo. Shule ziliruhusiwa kuionyesha, ikiambatana na maelezo kwa walimu. Mimi sikuwa na maelezo hayo. Nilikuwa na projekta tu.

Kwangu mimi, mtoto wa kule, kuna jambo filamu haikuligusa kabisa na ndilo linalonikosesha usingizi. Watu wengi, hata wasomi, wanaamini kwamba maji ya mifongo yetu yanatoka kwenye barafu. Bibi yangu anaamini hivyo. Siyo kweli. Mvua nyingi ya Kilimanjaro huangukia kwenye ukanda wa msitu, chini kabisa ya barafu, na miti ya juu hunasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeufanyia utafiti mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mchango wa barafu kwenye maji ni mdogo sana, na kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu wakati wa ukame unatupotezea maji mengi kuliko kupotea kwa barafu yote. Unakumbuka moto wa Oktoba 2020? Na wa Oktoba 2022? Picha zake zilizunguka siku chache kwenye simu, zikaisha. Hakuna aliyezipeleka kwenye Oscar. Barafu inapigika picha vizuri, lakini mche wa msitu wa juu uliofunikwa na kuvumwani ndio unaomwagilia migomba.

Na Nairobi nayo imo. Gore anasema ni mji ulioanzishwa juu ya mstari wa mbu, na sasa mbu wanapanda. Kwamba joto linaweza kusogeza malaria hadi nyanda za juu, hilo linachunguzwa kwa makini na ni la kuogopa. Lakini Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, pembeni ya kinamasi, na miongo yake ya mwanzo malaria ilikuwemo. Mkenya yeyote aliyesoma historia ya mji wake angemsahihisha. Tatizo ni kwamba katika filamu hii Afrika ni slaidi. Mlima, ziwa Chad, mbu, zinapita. Hakuna mtu wetu anayefungua mdomo.

Mpaka hapa unaweza kudhani nakwambia usiitazame. Hapana.

Kuna kipande ambacho sijaona kikifanywa vizuri zaidi popote. Gore anachora mistari miwili ya miaka 650,000, hewa ukaa na joto, jinsi inavyopanda na kushuka pamoja. Kisha anafika wakati wetu, mstari wa hewa ukaa unaruka juu ya ukuta, na inambidi apande kwenye jukwaa la kuinua mafundi ili afikishe mkono. Ni kichekesho, na kinaingia mwilini. (Jaji alimkosoa hapa pia, kwa haki: zamani enzi za barafu zilipokwisha, joto lilianza kwa mabadiliko ya mzunguko wa Dunia, hewa ukaa ikafuata kutoka baharini na kulikoleza joto lile. Gore aliliruka.) Lakini mstari wenyewe haukudanganya. Filamu ilipotoka, hewa ukaa ilikuwa sehemu kama 380 katika kila milioni ya hewa. Mwaka 2024 wastani kwenye kituo cha Mauna Loa, kinachopima tangu 1958, ulikuwa karibu 424. Katika utabiri wote wa filamu, huu usio na picha ya kusisimua ndio uliotimia vizuri zaidi.

Na kipande cha tumbaku. Familia ya Gore ililima tumbaku, dada yake akafa kwa saratani ya mapafu, na baba yake akaacha kilimo hicho. Anakiri kwamba ilichukua muda mrefu mno kuunganisha mambo yaliyokuwa mbele ya macho yao. Hapo ndipo nilipomwamini. Mwisho wa filamu, ushauri unapopita na majina ya waliohusika, nilimpoteza tena: badilisha balbu, punguza kuendesha gari. Kwa Mmarekani anayetoa zaidi ya tani 10 za hewa ukaa kwa mwaka, sawa. Bibi yangu ana balbu tatu na anatembea kwa miguu.

Kwa hiyo itazame, ila usiitazame peke yake. Siku ya pili tafuta Thank You for the Rain ya 2017, ambamo Kisilu Musya, mkulima wa Kenya, anajirekodi mwenyewe pamoja na familia yake kwa miaka kadhaa, mvua zikikataa, halafu dhoruba ikiezua nyumba yake, hadi anafika kwenye mkutano wa Paris akiwa na Julia Dahr, mwongozaji kutoka Norway. Pale utamsikia mtu akizungumza.

Yule kijana nilimtumia vipimo vyote nilivyokuandikia hapa, kwa WhatsApp, na samahani yangu juu. Alijibu usiku: "Poa mwalimu. Ila ule ukuta kwenye picha, wagumu wazee wanasema ulikuwa umeungana na ule wa pili. Wiki ijayo napanda, nitakupigia picha ya katikati."