Umeme wa kutembea: siri ni wakati, si nguvu

Anayepooza miguu kwa kuumia shingo au mgongo huwa mara nyingi amekatikiwa mawasiliano tu. Ugwe wa mgongo ulio chini ya jeraha bado uko hai. Hilo lilidhihirika mwaka 2011, timu ya Susan Harkema huko Louisville, Marekani, ilipotangaza kwamba kijana aliyepandikizwa elektrodi 16 za kuuchochea ugwe kwa umeme, kifaa kilichobuniwa kutuliza maumivu, ameweza kusimama na hata kusogeza mguu kwa hiari. Lakini kutembea kulikawia, na hapo ndipo penye fumbo, maana panya waliopewa umeme mfululizo walitembea upesi. Jibu lilitoka Lausanne, Uswisi, mwaka 2018. Umeme huo haugusi misuli moja kwa moja; huamsha nyuzi zinazoupasha ugwe habari za mahali mguu ulipo. Kwa binadamu nyuzi hizo ni ndefu, hivyo mapigo yasiyokoma hugongana njiani na taarifa zinazopanda kutoka mguuni na kuzifuta. Kuongeza umeme, basi, kulikuwa kunamnyima mgonjwa hisia ileile anayoihitaji ili apige hatua.

Huko Lausanne, mtafiti Grégoire Courtine na daktari mpasuaji Jocelyne Bloch wakaugawa umeme kwa mahali na kwa wakati: mizizi ya neva inayohusika na kukunja nyonga huchochewa mguu unapoinuka, ile ya kunyoosha mguu unapokanyaga. Ndani ya wiki moja watu watatu waliokuwa wamepooza kwa zaidi ya miaka minne walitembea wakisaidiwa kubeba uzito wao. Wapo wanaosema hao ni vibaraka wa mashine. Hoja hiyo haisimami, kwani baada ya miezi ya mazoezi walianza kusogeza misuli iliyokuwa imepooza hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ninachokubali bila kusita ni kwamba watu watatu, bila kundi la kulinganisha, hawatoshi kuahidi tiba kwa wote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutembea si haja ya kwanza ya kila aliyepooza. Ni kweli, na wengi huteswa na shinikizo la damu linaloporomoka wakiketi tu. Ila mwaka 2021 mbinu hiyohiyo, ikielekezwa sehemu ya kifua ya ugwe, ilidhibiti shinikizo hilo kwa mgonjwa mmoja. Kwa maoni yangu, fedha za utafiti zingeanzia hapo, kabla ya hatua za kupigwa picha.