Visasili vya Wagiriki na Nguo ya Kilwa: Nani Msimulizi?

Kuhusu riwaya zinazosimulia upya visasili vya Wagiriki wa kale, zipo fikra mbili potofu. Ya kwanza yadai kwamba kuzifurahia ni kasumba, maana miungu ya Ugiriki haimhusu mkulima wa Mitole. Ya pili yadai kwamba hadithi ni burudani tu, haina tabaka. Tunazikataa zote mbili.

Msomaji wa riwaya hizi mwisho anaujua: Troy itaanguka. Raha yake hutokana na kubadilika kwa msimulizi. Katika Odyssey ya Homer, Odysseus anarejea nyumbani, vijakazi 12 wananyongwa, na masimulizi yanasonga mbele. Margaret Atwood, katika The Penelopiad (2005), amewapa vijakazi hao kauli, na sifa za shujaa zikatiwa doa. Christa Wolf wa Ujerumani Mashariki alifanya kazi kama hiyo katika Kassandra (1983): vita vya Troy vinasimuliwa na mwanamke mateka. Hiyo ni raha inayoamsha fikra.

Hata hivyo, udhaifu upo. Pat Barker, katika The Silence of the Girls (2018), amempa Briseis sauti. Lakini Briseis alikuwa mke wa mfalme kabla ya kutekwa. Circe wa Madeline Miller (2018) ni binti wa mungu jua, na ukombozi anaoutafuta ni wa nafsi yake. Mara nyingi sauti hutolewa kwa malkia kabla ya kumfikia mtwana.

Sasa tuutazame mwambao wetu. Wagiriki na Warumi walisimulia kwamba Dido alipata ardhi ya Carthage kwa kuikata ngozi ya ng'ombe nyuzi nyuzi na kuuzungushia mlima. Mapokeo ya Kilwa yasema kwamba Mshirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Mantiki ni moja: mgeni ni mwerevu, mwenyeji hajui thamani ya nchi yake, na utawala unahalalishwa kwa biashara ya siku moja. Lakini uchimbaji wa Neville Chittick, ulioanza mwaka 1958, ulionyesha kwamba watu waliishi na kufanya kazi Kilwa Kisiwani kabla ya nasaba hiyo kutawala. Mapokeo mengine yamtaja binti wa mwenyeji aliyeozwa kwa mgeni. Yeye aliionaje nguo ile? Hapo pana riwaya nzima.

Njia imekwisha kuonyeshwa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alizishika habari za Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, Kilwa. Hakuyaabudu maji, wala hakuyadharau. Alionyesha jinsi imani ilivyounganisha watu waliogawanyika, kisha ikawafunga.

Kwa hiyo, wanafunzi na makada wazisome riwaya za Wagiriki, wazifurahie, na waziulize: nani anasimulia? Nani alifanya kazi? Nani alinufaika? Kisha vijana wa Mitole wakae na wazee, wawaulize maswali hayo hayo kuhusu nguo ya Kilwa, na majibu wayaandike. Asiyesimulia historia yake husimuliwa na aliyemtawala.