Almasi za Ben na madeni ya Willy Loman

Neno 'tajiri' tulilichukua kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Waswahili walipolipokea walilipandisha cheo, tajiri akawa mtu mwenye mali nyingi, awe anauza kitu au hauzi. Kisha mtaa ukalisukuma mbele zaidi. Ukimsikia dereva wa matatu akisema "lazima nimpelekee tajiri hesabu yake," anamaanisha mwenye gari, yaani bosi wake. Mfanyabiashara, mwenye mali, mwajiri: maana tatu zimepangwa kama vyumba vya nyumba moja, utadhani anayeingia mlango wa kwanza hana budi kutokea wa tatu.

Yupo mhusika mmoja wa fasihi ya Marekani aliyeamini jambo hilohilo bila kujua Kiswahili hata chembe. Huyo ni Willy Loman katika tamthilia ya Arthur Miller, Death of a Salesman, iliyoigizwa mara ya kwanza New York mnamo Februari 1949 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo. Willy amepita umri wa miaka 60 na bado anazunguka New England na masanduku yake mawili akiiuzia kampuni bidhaa. Ni tajiri kwa Kiarabu, si tajiri kwa Kiswahili. Tajiri wake ni Howard, kijana aliyerithi kampuni kwa babake. Siku Willy anapokwenda kumsihi ampe kazi ya hapa mjini, Howard anachezea mashine mpya ya kunasa sauti. Anamsikilizisha mzee sauti za watoto wake, halafu anamfuta kazi.

Hebu tusimame kidogo kwenye anwani ya tamthilia, maana mtafsiri atakwama hapo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. 'Mchuuzi' huuza mali yake mwenyewe, hata kama ni nyanya tano kwenye karai. 'Dalali' hukaa kati ya wawili akangoja chake. 'Ajenti wa mauzo' linanuka ofisi. Tena Miller hasemi popote ni nini kilichomo ndani ya masanduku yale. Alipoulizwa Willy anauza nini, alijibu kwamba anajiuza mwenyewe. Kiingereza kinaweza kulisema hilo bila kuona haya. Kiswahili hakiwezi, kwani sote tunajua 'kujiuza' ni nini na hufanyika saa ngapi. Nadhani katika hili lugha yetu imemwelewa Willy kuliko hata lugha aliyoandikiwa.

Wasomaji wengi hushika tu neno 'ndoto', wakasema Willy anauawa na ndoto ya Marekani, mjadala ukafungwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze na hesabu. Katika kitendo cha kwanza, mkewe Linda anamsomea madeni: friji dola 16 (wenzangu wa 'jokofu' mnisamehe), mashine ya kufulia dola 9 na senti 60, mashine ya kufyonza vumbi dola 3 na nusu, na paa linadai 21. Willy analalamika kwamba vitu hivi huharibika mara tu mtu anapomaliza kuvilipia, kana kwamba kiwandani wamevipimia muda. Nyumba yenyewe imewekwa rehani kwa miaka 25. Jikoni kumejaa vitu ambavyo mgeni akiviona atasema hapa pana neema. Kumbe hakuna hata kimoja kilicho chao kikamilifu. Linda anashona soksi zake kuukuu, na Willy hataki kumwona akizishona, kwa kuwa soksi mpya alimpa mwanamke mwingine kule Boston.

Wana mtoto anayeitwa Happy, yaani Furaha. Ana kazi, ana gari, ana nyumba ya kupanga, na wanawake anawabadilisha kama mashati. Mwanzoni kabisa mwa tamthilia anamwambia kakake Biff kwamba hivyo ndivyo vitu alivyokuwa akivitamani siku zote, na bado ni mpweke. Ajabu ni kwamba huyuhuyu ndiye anayesimama kando ya kaburi mwishoni akiapa kuiendeleza ndoto ya baba.

Siafiki, hata hivyo, wanaosema Miller anaulaani utajiri. Jirani yao Charley ana biashara yake na inakwenda vizuri, na humkopesha Willy dola 50 kila wiki bila kumsimanga. Mwanawe Bernard ni wakili anayekwenda kutetea kesi katika Mahakama ya Juu, na safari hiyo hata haitangazi. Watu hawa wana mali na wamelala usingizi. Kinachomla Willy ni imani kwamba mwenye kupendwa na watu atatajirika, na akishatajirika atakuwa na furaha, hivyo anayekosa fedha amedhihirisha kwamba hapendwi. Imani hiyo ilikuwa na walinzi wake. Tamthilia ilipofanywa filamu mwaka 1951, kampuni ya Columbia ilitengeneza filamu fupi ya kuandamana nayo, kuwahakikishia watazamaji kwamba kazi ya uuzaji ina raha zake. Miller alikasirika akaipinga.

Sasa nije kwa Ben, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niishike kalamu. Ben ni kaka yake Willy, na ndiye pekee katika ukoo huo aliyeupata utajiri. Kisa chake ni kifupi. Aliondoka akiwa kijana kumtafuta baba yao Alaska, akapotea njia kwa kutojua jiografia, akajikuta Afrika. Aliingia msituni akiwa na miaka 17, akatoka na miaka 21 akiwa tajiri. Willy anapolisikia jina la Afrika anadakia kwa msisimko kwamba ni Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Ben anamsahihisha kwamba hasa ni migodi ya almasi. Basi. Nani alichimba, kwa ujira gani, ardhi ilikuwa ya nani, hakuna anayeuliza, si Willy, si watoto wake, wala si wahakiki niliowasoma katika ujana wangu.

Mtu atanijibu kwamba Ben tunayemwona jukwaani ni kivuli kilichomo kichwani mwa Willy, kwa hiyo msitu ule mtupu ni wa Willy, Miller asilaumiwe. Ni hoja nzuri na naikubali nusu. Miller anayeweza kuhesabu senti 60 za mashine ya kufulia angeweza kumpa mtu mmoja jukwaani swali moja kuhusu almasi, naye hakufanya hivyo. Deni la Brooklyn aliliona hadi senti ya mwisho. Mwaka uleule New York ilipokuwa ikishangilia tamthilia hii, Kwame Nkrumah alikuwa Accra akiasisi chama cha CPP. Gold Coast haikuwa msitu usio na watu.

Tena almasi hizo si kipambo tu. Willy anapoamua kufa ili familia ipate dola 20,000 za bima ya maisha, anayezungumza naye ni Ben, na fedha hizo anaziona kama almasi anayokwenda kuichukua gizani, ngumu, ya kushikika mkononi. Anaondoka na gari usiku. Mazishi aliyodhani yangewaleta wauzaji kutoka kila jimbo yana watu watano. Linda anamwambia marehemu kwamba leo amelipa awamu ya mwisho ya nyumba, na humo ndani hatakuwamo mtu.

Kuna jambo dogo ambalo Willy anamdokezea Charley wakicheza karata, nalo si la ndotoni. Wiki chache zilizopita wamepata habari kutoka Afrika kwamba Ben amekufa. Ameacha watoto saba wa kiume, hivyo urithi wake Willy asiutegemee. Habari hizo zimetoka kwa mjane wa Ben. Mama huyo hana jina, na katika tamthilia nzima hatajwi tena.