Tone Linaporushwa kwa Sauti

Maabara nyingi zinazosaka dawa hutegemea mwanga. Molekuli hubandikwa alama inayong'aa, hutiwa kimeng'enya pamoja na kemikali inayochunguzwa, kisha hutazamwa kama mng'ao umebadilika. Lakini zipo kemikali zinazong'aa zenyewe, na nyingine huufifisha mng'ao wa jirani, hata mtafiti akajikuta ameshangilia dawa ambayo haipo. Spektrometa ya masi haihitaji mjumbe: hupima molekuli yenyewe. Kimeng'enya kikibandika fosfati kwenye kipande cha protini, masi huongezeka takribani daltoni 80. Nyongeza isipoonekana, kuna kitu kimekizuia.

Kazi ilikuwa kuirusha hewani molekuli kubwa bila kuivunja. John Fenn wa Chuo Kikuu cha Yale aliinyunyiza kupitia ncha ya sindano yenye umeme. Matone yakakauka njiani, protini ikabaki nzima na chaji zake. Huko Kyoto mwaka 1985, Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu, alimimina gliserini kimakosa kwenye unga laini wa kobalti. Unga ulikuwa ghali, akaona hasara kuutupa, akaupiga leza vivyo hivyo, na molekuli kubwa ikaruka ikiwa nzima. Wote wawili walikuwa miongoni mwa washindi wa Nobeli ya Kemia mwaka 2002. Tanaka hakuwa na shahada ya uzamivu, jambo linalonifurahisha pengine kuliko inavyostahili.

Kisha ikaja kiu ya kasi. Sampuli za kibiolojia zimejaa chumvi, na chumvi huzima ishara. Ukiitenganisha kila sampuli kwenye safu ya kromatografia kwa dakika mbili, sahani ya vishimo 384 itakuchukua karibu saa 13. Vikabuniwa vichujio vifupi: molekuli hunaswa, chumvi huoshwa na maji, na kazi nzima huisha kwa sekunde kumi hivi. Siku hizi wimbi la sauti hupigwa kutoka chini ya sahani, tone la nanolita 2.5 likaruka juu na kudakwa na mkondo wa kiyeyushi unaoelekea kwenye spektrometa. Tone ni dogo mno hata chumvi yake inapotelea humo. Hakuna sindano iliyogusa kitu, na sampuli moja huchukua kama sekunde moja.

Wengi husifu mashine. Mimi namsifu anayeilisha. Ndiye anayetia kwenye kila kishimo kiasi kilekile cha molekuli pacha ya ile inayopimwa, yenye hidrojeni nzito, ili ishara ikishuka ajue kama ni kazi ya dawa au ya uchafu. Ndiye pia anayekumbuka gharama ya kasi: safu ikiondolewa, molekuli mbili zenye masi sawa huingia pamoja. Huzigonganisha na gesi, akasoma vipande vyake. Asidi amino kama leusini na isoleusini zinaweza kumchenga hata hapo. Sampuli zinazotatanisha huzirudisha kwenye safu ya zamani, moja moja, kwa dakika zake zilezile.