Mimea ya Mwituni katika Kamusi za Kiswahili: Kutoka Mwambao hadi Bengamisa

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, imesifiwa kwa haki na imehakikiwa kwa pembe nyingi: methali, misemo, minyambuliko ya vitenzi, maneno ya kilahaja. Sehemu moja imepuuzwa, nayo ni majina ya mimea ya mwituni. Msomaji anayetafuta jina la mti wa porini mara nyingi huambiwa kwamba ni aina fulani ya mti. Fasili ya namna hiyo haimfaidi yeyote. Anayeujua mti haihitaji, na asiyeujua anaondoka jinsi alivyokuja.

Kasoro hii haikurithiwa kutoka kwa watangulizi wote. Charles Sacleux, padre Mfaransa aliyekaa Bagamoyo na Unguja tangu mwaka 1879 hadi 1898, alikuwa mkusanyaji wa mimea kabla ya kuwa mtunga kamusi, au pengine yote mawili kwa pamoja. Vielelezo vyake vilipelekwa Paris, na jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, ina jina lake hadi leo. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa kwa majuzuu mawili mwaka 1939 na 1941, inatia jina la kisayansi penye jina la mmea na kuonyesha lahaja inayolitumia. Huko Amani, P. J. Greenway naye alikuwa ameshatoa orodha yake ya majina ya mimea mwaka 1937. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watunga kamusi wa 1981 walikosa mahali pa kuanzia.

Hata hivyo, Kilatini peke yake si fasili. Jina la kisayansi linautenga mmea mmoja na mwingine, lakini halisemi unaliwa lini wala unaua vipi. Mfano ulio wazi ni ndiga, kiazi kikuu cha mwituni (Dioscorea dumetorum) ambacho watu wamekikimbilia wakati wa njaa. Kina sumu. Hukatwa vipande, hulowekwa majini kwa siku kadhaa, ndipo hupikwa. Fasili inayokitaja kuwa kiazi kinacholiwa na kunyamaza hapo imesema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomlinda mlaji. Utupa (Tephrosia vogelii) nao haueleweki kwa kuambiwa tu kwamba ni sumu ya samaki, kwani watu huupanda pia ili kurutubisha udongo.

Kuna suala jingine, la majira. Maneno ya Kiswahili ya majira yamezaliwa na bahari: kaskazi na kusi ni pepo kabla ya kuwa nyakati, na masika, vuli na kipupwe hufuata mwendo wake. Mwambaoni mtu akisema tunda fulani ni la vuli, amesema jambo kamili. Bengamisa, kiasi cha kilomita 50 kutoka Kisangani kwenye barabara ya Buta, mvua hainyimwi mwezi wowote. Hupungua tu, hasa kati ya Desemba na Februari. Huko wakati hupimwa kwa vitu vingine, mathalani kwa viwavi wanaoshuka kutoka kwenye miti mikubwa ya lifaki (Entandrophragma) baina ya Julai na Septemba. Mwanafunzi wa kilimo wa Bengamisa akifungua kamusi atakuta vuli. Hatakuta neno la msimu anaouishi.

Mmea unaounganisha pande hizi mbili kwa uchungu zaidi ni mbungo pamoja na ndugu yake mtoria. Kwa mtu wa Unguja, mabungo ni matunda machachu ya juisi. Lakini utomvu wa mitoria ulikuwa bidhaa ya mpira mwambaoni katika karne ya 19, na katika Kongo ya Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, mizabibu ya jamii hiyohiyo, hasa Landolphia owariensis, ilikuwa sababu ya watu kupigwa, kukatwa mikono na kukimbilia msituni. Hakuna anayedai kamusi iwe kitabu cha historia. Lakini fasili inayoona tunda tu na kuusahau mpira imeandikwa kwa kuangalia soko la Unguja peke yake.

Kiswahili kilifika maporomoko ya Kisangani pamoja na watu wa Tippu Tip katika miaka ya 1880, na tangu hapo kimejitafutia majina yake. Mchicha huitwa lengalenga. Kisamvu huitwa sombe, au pondu kwa wale waliozoea Kilingala. Matembele yamebaki matembele, jambo la kufurahisha. Maneno haya hayapaswi kuhesabiwa kuwa makosa ya watu wa bara, wala visawe vya kutiwa pembeni kwa herufi ndogo. Matoleo ya kamusi hiyo ya 2004 na 2013 yangeweza kupata mengi kutoka mkusanyiko wa mimea mikavu wa Yangambi, kituo kilichoanza kazi mwaka 1933, laiti mtunga kamusi angekaa meza moja na mtaalamu wa mimea.

Ichukuliwe fumbwa (Gnetum africanum), mmea utambaao juu ya miti, usiopukutisha majani, ambao mbegu zake hazina tunda la kuzifunika. Majani yake hukatwa nyembamba kama nyuzi na kupikwa kwa karanga au mawese. Huchumwa mwaka mzima, na wachumaji wanaouvuta mzabibu mzima badala ya kukwanyua majani wanaumaliza msituni. Maelezo hayo yanaenea katika mistari minne ya kamusi.