Vazi, Cheo na Barakoa: Tafakuri juu ya Filamu "Paris Is Burning"

Filamu "Paris Is Burning", iliyoongozwa na Jennie Livingston na kutolewa mwaka 1990, inahusu mashindano ya usiku yaliyofanyika Harlem, mjini New York, katika miaka ya 1980. Washindani, wengi wao Wamarekani Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hupita mbele ya waamuzi, baadhi yao wanaume waliovaa kike, wengine wamevaa kijeshi au kama wakurugenzi wa makampuni. Yamkini msomaji wa Biblia atafungua Kumbukumbu la Torati 22:5 na kulimaliza shauri papo hapo. Sisi twaona kwamba filamu hii inauliza swali lililo pana kuliko la nguo: ni nini kimpacho mtu heshima, na je, heshima hiyo yaweza kumwokoa?

Mshindi si lazima awe mwenye mapambo mengi. Yako makundi ambamo hushinda yule afananaye kabisa na mwanafunzi, askari au mkurugenzi. Dorian Corey, mkongwe wa mashindano hayo, anaeleza maana yake: aliyenyimwa elimu na nafasi hawezi kuwa mkurugenzi, lakini kwa kuvaa kama mkurugenzi anaonyesha kwamba angeweza kuwa.

Hapo mwanafunzi wa Luther yuko katika nchi anayoijua. Katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Wagalatia uliochapwa mwaka 1535, akieleza 2:6, Luther anaviita vyeo vya wanadamu barakoa. Mfalme, mwalimu na mhubiri wamevikwa na Mungu kwa faida ya jirani, nao wastahili heshima. Kosa ni kuiwekea barakoa tumaini lipasalo kuwekwa kwa Mungu peke yake. Washindani wa Harlem wameitambua sehemu ya kwanza ya fundisho hilo, kwamba cheo ni vazi. Sehemu ya pili imewaponyoka, kama ilivyouponyoka ulimwengu wanaouiga. Venus Xtravaganza anatamani maisha ya msichana mweupe tajiri. Aliuawa Desemba 1988, kabla filamu haijakamilika. Vazi halikumlinda.

Aidha, filamu ina ushuhuda mwingine. Washindani hao wamejikusanya katika "nyumba", na kila nyumba ina mama wa kuwalea vijana, ambao wengi wao walikataliwa kwao. Venus alipouawa, wapelelezi walimwendea Angie, mama wa nyumba yake, ili autambue mwili. Naye ndiye aliyepeleka habari kwa jamaa wa marehemu.

Mhakiki bell hooks, katika insha iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1992, alimlaumu Livingston, mwanamke mweupe, kwa kutoonekana katika picha, kana kwamba kamera haina upande, na kwa kuigeuza ibada ya watu kuwa tamasha la watazamaji. Lawama hiyo ina uzito. Kifo cha Venus kinasimuliwa kwa muda mfupi, kisha shangwe inaendelea, na mtazamaji haachiwi nafasi ya kuomboleza.

Lakini lawama hiyo yatuhusu na sisi watumishi wa Neno. Mhubiri naye huweza kuwa kamera isiyoonekana, akiwanena watu ambao hajapata kuketi nao, huku joho lake likimsitiri. Je, joho hilo si barakoa? Hatusemi kwamba Kanisa liache mafundisho yake juu ya ndoa na mwili. Twasema kwamba anayefundisha hayo ni mchungaji, na kazi ya mchungaji ni pamoja na kumjua kondoo kwa jina na kumzika. Kwa Venus, kazi ya kuutambua mwili ilifanywa na Angie. Kila mmoja wetu na ajiulize: katika mtaa wake, ni nani atakayeitwa kuwatambua wale ambao sisi tumekwisha kuwahukumu?