Redio ya Kuazima: Uhakiki wa Picha za Seydou Keïta wa Bamako

Uhakiki wetu sisi walimu wa Kiswahili umezoea kujifunga katika ushairi, riwaya na tamthilia. Si kosa, kwa kuwa hizo ndizo kazi zinazotahiniwa. Lakini mwanafunzi anayeketi mbele yetu ametazama picha nyingi mno kuliko alivyosoma vitabu, na hakuna aliyemfundisha kuzihoji. Akiulizwa juu ya shairi atatafuta fani na maudhui. Akiulizwa juu ya picha atasema tu kwamba ni nzuri au ni mbaya. Katika makala haya tutajaribu kuhakiki kazi za mpiga picha mmoja wa mtaani, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, na hasa tutajaribu kujibu lawama moja ambayo siku ilipotolewa ilitukuta hatuna jibu.

Tulikuwa tumepeleka darasani nakala za picha zake tatu ili wanafunzi wazitungie insha za maelezo. Katika mojawapo, mwanamke ameegemeza mkono juu ya redio kubwa, naye anatutazama kwa utulivu kamili. Tukawaeleza wanafunzi kwamba Keïta alikuwa na redio, simu, saa za mkononi, kalamu za wino na maua ya plastiki, na kwamba mteja aliruhusiwa kupigwa picha navyo. Hapo akasimama kijana mmoja wa safu ya nyuma akasema: “Basi mwalimu, mama huyu anadanganya. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.” Darasa zima likacheka. Tulipolisimulia jambo hili katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja alimuunga mkono kijana yule kwa maneno makali zaidi: kwamba picha hizo ni kasumba tupu, Mwafrika aliyetawaliwa akijipamba kwa vyombo vya mtawala wake.

Lawama hizo mbili si za kupuuzwa. Kabla ya kuzijibu, yafaa tujue mtu mwenyewe na jinsi alivyofanya kazi.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mnamo mwaka 1921 hivi, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya koloni lililoitwa Sudani ya Kifaransa. Hakupata kwenda shule. Tangu utotoni alifundishwa useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, akampa. Kazi ya kusafisha na kutoa picha alijifunza kwa watu wawili: Mfaransa Pierre Garnier, aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini humo, na Mountaga Dembélé, ambaye (na sisi hatutaacha kulitaja hili) alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1948 Keïta alifungua studio yake katika mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza na si mbali na kituo cha reli. Reli hiyo ndiyo iliyotoka Dakar, kwa hiyo wateja wake hawakuwa wenyeji peke yao. Wapo walioshuka garini, wakapigwa picha, wakaendelea na safari zao.

Kamera aliyoitegemea ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na filamu yake ilikuwa kipande kimoja kimoja cha sentimita 13 kwa 18. Picha haikuhitaji kukuzwa: karatasi ililazwa juu ya filamu iliyokwisha safishwa, mwanga ukapita, na picha ikatoka kwa ukubwa ule ule. Ndiyo maana katika kazi zake nyuzi za kitambaa zinahesabika, na chale za usoni zinaonekana wazi. Aghalabu alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua. Tena alipiga mara moja tu. Filamu ilikuwa ghali, na mteja alilipia picha moja, hivyo kosa lingekuwa hasara ya fundi mwenyewe. Mwanafunzi wa leo, anayepiga picha 20 za sahani ya wali kabla hajala, inafaa asimame kidogo hapa. Uamuzi wote ulifanyika kabla ya kufyatua: kichwa kielekee wapi, mkono ukae wapi, nguo itandazwe vipi.

Nyuma ya mteja palitundikwa kitambaa. Cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua pembeni. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alibadilisha kitambaa, na miaka mingi baadaye, alipoulizwa tarehe za picha zake, aliweza kuzikadiria kwa kutazama kitambaa kilichokuwa nyuma ya mtu. Wahakiki wa Ulaya wameandika mengi juu ya uzuri wa vitambaa hivyo, jinsi maua ya pazia yanavyopambana na maua ya gauni hata mwili ukaonekana kama unaelea. Tunakubaliana nao. Kuna picha ambazo mwanamke ni uso na mikono tu, na mengine yote ni nakshi juu ya nakshi, kama kanga mbili zilizoanikwa pamoja. Lakini sifa hiyo peke yake inaweza kutupoteza, kwa sababu mteja hakulipa ili tupendezwe na nakshi. Alilipa kwa sababu mtoto amezaliwa, au ndugu anasafiri, au posa imekubaliwa, au ni sikukuu na nguo mpya imeshonwa.

Tuitazame picha ya baba na mtoto, ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa, aliyevaa nguo nyeupe, amempakata mtoto mchanga. Hakuna redio, hakuna simu. Kuna ukubwa wa mwili na udogo wa mwili, basi. Katika mji ambamo kubeba mtoto ilikuwa kazi ya mama, baba huyu alikuja uani kwa fundi, akakaa mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu, akapakata. Hatujui riwaya nyingi zilizosema juu ya ubaba kwa maneno machache hivyo.

Picha ya kijana mwenye ua imesambaa mno, hata imekuwa kama nembo ya Keïta. Amevaa suti nyeupe na miwani yenye fremu nene, kalamu imechomekwa mfukoni, na mkononi ameshika ua moja. Ni nzuri, ila imezoeleka. Picha za gari, nazo, hazitufurahishi sana. Keïta alikuwa na gari lake la Peugeot 203, na familia zilipigwa picha mbele yake. Gari linakuwa kubwa mno, watu wanakuwa abiria tu. Hata hivyo, katika mojawapo ya picha hizo, bati lililong’arishwa limemnasa mpiga picha mwenyewe, kivuli kidogo nyuma ya kamera yake, naye hakukifuta.

Sasa turudi kwenye redio, na kwa kijana wetu wa safu ya nyuma.

Redio za miaka ya 1950 zilikuwa makasha mazito ya kukaa mezani, na nyumba nyingi hazikuwa nazo. Lakini tujiulize: ni nani aliyepelekewa picha ya mama yule? Ni jamaa na majirani, wengi wao wakiwa ni watu ambao nao walipigwa picha kwa Keïta, katika ua ule ule, pengine na redio ile ile. Vyombo vya studio vilijulikana na mji mzima. Mtu hawezi kudanganya kwa kitu ambacho kila anayedanganywa anakijua. Mtambaji anaposema “Paukwa”, nasi tukaitika “Pakawa”, hakuna anayedhani kwamba tumekubali kusadiki yote yatakayofuata. Tumekubali kuingia hadithini. Redio ya studio ina kazi kama hiyo. Ni kaida ya fani, na kijana wetu aliisoma kama hati ya mali.

Tena tutazame mwanamke mwenyewe anaifanya nini. Haielekezei kidole, wala haijivunii kama mfanyabiashara anayenadi bidhaa. Ameiegemea, kama mtu anavyoegemea dirisha la nyumba aliyokaa siku nyingi. Redio imezimwa, kamera haina sikio, na hata ingekuwa inaimba sisi tusingeisikia. Kilichobaki ni mkono wa mtu aliyejizoeza, kwa muda wa pigo moja la kamera, kukaa na kitu kipya bila kukiogopa. Sisi tunadhani hiyo ndiyo dhamira ya picha: ustadi wa kukikaribisha kitu kipya, kiwe chake au kisiwe chake. Methali ya nguo ya kuazima ni ya kweli, lakini inamhusu mtu aliyeazima kwa siri.

Kuhusu kasumba, mwenzetu amegusa jambo zito, nasi tunamkubalia nusu. Studio ilikuwa na suti tatu za Kizungu, na suti tatu kwa miili ya mji mzima haziwezi kumkaa kila mtu. Wapo vijana ambao ndani ya suti hizo wanaonekana kama wamezuiwa pumzi, na katika picha hizo nguo ndiyo inayosema. Lakini nusu nyingine ya lawama hiyo hatuikubali. Picha alizopiga mkoloni zilimsimamisha Mwafrika kama kielelezo cha kabila, mbele na ubavu, kama mdudu wa maabara. Katika ua wa Keïta mteja alikuja mwenyewe, akalipa mwenyewe, akachagua nguo na chombo, kisha akaichukua picha kwenda kumpa amtakaye. Na wengi hawakuvaa suti. Walivaa majoho yao na vilemba vyao, redio ikakaa pembeni ya joho bila ugomvi wowote. Mhakiki anayeiona redio tu asilione joho amefanya kosa lile lile la yule anayesifu nakshi tu.

Lawama yetu sisi iko mahali pengine, nayo haimwangukii Keïta. Mwaka 1962, baada ya uhuru wa Mali wa mwaka 1960, alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali, na baadaye studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, zikiwa zimeandikwa kwamba mpiga picha wa Bamako aliyezipiga hajulikani. Wakati huo mwenyewe alikuwa hai, yuko Bamako, mzee wa miaka kama 70. Baadaye alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe mjini Paris, katika Fondation Cartier. Alifariki Paris mwaka 2001. Mwaka 2016 jumba la Grand Palais nalo likampa nafasi. Jina lake, basi, lilirudishwa. Lakini picha zilizotoka katika studio yake zikiwa na ukubwa wa kushikwa mkononi zilikuzwa, nyingine hata kuzidi urefu wa mita moja, zikatundikwa na kuuzwa, na chini ya nyingi mno paliandikwa: bila jina. Yule mama wa redio ni “bila jina”. Baba aliyempakata mwanawe ni “bila jina”, na mtoto pia. Watu hawa walikuwa na majina siku walipoingia uani. Fundi pengine aliwaamkia kwa majina hayo. Mpiga picha asiyejulikana amejulikana kwa kuwa soko lilimhitaji. Aliyepigwa, soko halikumhitaji kwa jina.

Kwa ajili hiyo tulibadilisha zoezi letu. Badala ya kuwaambia wanafunzi waeleze wanachokiona, tuliwataka kila mmoja alete picha moja ya zamani kutoka nyumbani na ajibu, kwa sentensi kamili: nani alitaka picha hii ipigwe, ni kitu gani humo si cha nyumbani, na picha ilikusudiwa kupelekwa kwa nani. Insha zilizotoka zilikuwa na Kiswahili chenye makosa ya kawaida ya upatanisho, lakini zilikuwa na watu ndani yake. Wako pia walioshindwa kumtaja hata mmoja kati ya watu wanne waliosimama pichani, ingawa picha ilikuwa imekaa sebuleni mwao tangu wazaliwe. Kijana wa safu ya nyuma alileta picha ya babu yake akiwa na baiskeli. Alipouliza nyumbani aliambiwa kwamba babu hakupata kumiliki baiskeli hata siku moja. Safari hii hakucheka, akaandika kurasa tatu.

Nasi hatukujitoa katika zoezi. Katika nyumba yetu ya Buyenzi, Bujumbura, iko picha ya mama akiwa amempakata kaka yetu mkubwa siku ya arobaini yake, na kando yao, juu ya kigoda, pana redio ya kaseti yenye mkono wa kubebea. Tulikua tukiamini kwamba ilikuwa ya baba. Tulipomwuliza mama, alisema redio ilikuwa ya fundi, na kwamba mtu aliyekuwa mbele yake katika foleni alipigwa nayo pia. Jina la fundi limemtoka. Nyuma ya picha pana muhuri uliofifia. Tumeupeleka juani, tumeutazama kwa kioo cha kukuzia, na kinachosomeka ni neno “Photo” na namba ya barabara. Majina ya mama na ya kaka tumeyaandika hapo chini kwa penseli. Bado tunawauliza wazee wa barabara hiyo juu ya jina la tatu.